Feni ya Mjapani Kwenye Gari la Mwingereza

Mwalimu Minja alirudi kwa basi siku tatu kabla yangu, na nimekuta amekwishawasimulia safari yetu ya Matombo kwa namna yake. Nasikia mlicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kulikoni. Sikatai kwamba yapo ya kuchekesha. Lakini Minja anafundisha historia, anapenda vita kuliko sababu za vita, na sehemu nyingine amezitia chumvi. Kwa hiyo nimeandika mwenyewe. Mpitishiane karatasi hizi wakati wa chai, na atakayenicheka anicheke kwa habari kamili.

Gari langu mnalijua: lile dogo la Kiingereza, rangi ya maziwa ya mgando, nililouziwa na mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Wanafunzi wanaliita Bibi. Mwezi uliopita feni yake ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilivunjika jani. Miaka ya nyuma ningeandika barua Ulaya na kungoja mpaka nisahau niliagiza nini. Siku hizi za ruksa, bidhaa za nje zinaingia bila kizuizi, nilikwenda sokoni tu, nikakuta spea kuukuu za magari ya Kijapani zimemwagwa kwenye turubai kama viazi. Nikachagua feni ya umeme, nzuri, plastiki yake bado inang'aa, nikaifunga mwenyewe nyuma ya rejeta siku ya Alhamisi. Ilikuwa na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mweusi nikaufunga kwenye bodi ya gari, mwekundu nikaupeleka kwenye swichi niliyoiweka chini ya dashibodi. Nikabonyeza, feni ikazunguka, Minja akapiga makofi, nami nikaenda kuosha mikono.

Sababu ya safari ilikuwa barua ya mpwa wangu Zaituni, mtoto wa dada yangu Mwanaidi. Aliandika mistari miwili: "Mjomba, Jumamosi wanakuja watu wa Tanga kwa ajili ya posa yangu. Njoo wewe mwenyewe, usitume mtu." Kwa wale msiotoka kwetu, mjue kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu ya ndoa ya binti ni mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa, anakula pilau, lakini wageni wakishasema yao anayejibu ni mjomba. Posa ya Asha, dada yake Zaituni, ilinipita. Bibi alinilaza njiani, nikafika kesho yake, nikakuta mdogo wangu Shabani amekwishajibu kwa niaba yangu. Mpaka leo Asha ananisalimia kwa adabu tu. Wazee wa ukoo nao walisema wazi kwamba mara ya pili hawatanisubiri, ujomba utahamia kwa Shabani moja kwa moja.

Mke wangu aliniuliza kwa nini basi nisipande basi. Nilimjibu kwamba nataka kufika na gari lile lile lililoniaibisha, watu wote waone. Akanitazama kidogo, akafunga mzigo wake, akapanda basi siku hiyohiyo ya Alhamisi.

Dodoma mpaka Gairo

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, Minja akiwa amevaa suti ya kijivu na tai. Nilimwambia njia ina vumbi. Alijibu kwamba yeye ni mgeni wa posa, hataki Waluguru waseme nimekuja na mpagazi. Alikuwa pia na kikapu kikubwa kitupu cha kuletea ndizi, na nadhani kikapu ndicho kilichomtoa nyumbani.

Feni niliiwasha tangu getini, kwa usalama. Nilimweleza Minja ubora wake: feni ya mkanda hutegemea injini, injini ikilegea nayo inalegea, lakini hii ya umeme inavuma muda wote bila kujali. Minja akasema kweli anaisikia ikivuma. Kabla hatujafika Mbande mshale wa joto ulikuwa umevuka katikati, na ile taa nyekundu ya chaji, ambayo kwa kawaida huwaka gari likisimama, ilianza kupepesa tukiwa mwendoni. Nikapunguza mwendo, joto likashuka kidogo. Nikaongeza, likapanda. Nikamwambia Minja hilo ni jambo la kawaida kabisa, injini ikifanya kazi zaidi hutoa joto zaidi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalinipoteza.

Tuliingia Gairo wakati wa adhana ya Ijumaa. Upepo wa Gairo mnaujua, unauma hata jua likiwa utosini. Nikaegesha karibu na msikiti, nikazima injini na feni, nikamwambia Minja, "Liache lipoe, narudi baada ya swala."

Minja akaelewa kwamba nimemwachia kazi. Akabonyeza swichi ya feni, akaiacha ivume muda wote niliokuwa ndani, na yeye akajikalia kwenye kiti akila mbuzi wa kuchoma aliyeuziwa dirishani. Niliporudi na kugeuza ufunguo, gari lilitoa sauti ya mtu anayemeza mate, basi.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimelipoza. Si ndivyo ulivyosema?"

Na kweli lilikuwa limepoa. Betri pia ilikuwa imepoa, haikubakiwa na kitu. Walionitoa pale ni watu niliokuwa nimeswali nao. Walikunja kanzu zao wakasimama nyuma ya gari, na imamu mwenyewe akaja dirishani kunipa maelekezo. "Mwalimu, weka gia namba mbili," alisema. "Ukiweka moja utatuangusha kifudifudi, na leo ni Ijumaa." Niliweka mbili. Bibi alikohoa, akashika, na mimi sikuthubutu kusimama kushukuru. Nilipunga mkono dirishani mpaka kanzu zote zikawa nukta nyeupe kwenye kioo.

Gairo mpaka Dumila

Kipande hiki ni kifupi, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Minja alinilisha mbuzi aliyebaki nikiwa naendesha, tukabishana kama mjomba ana haki ya kumkatalia mwanamume aliyesoma. Kwenye vilima vya kabla ya Magole mshale ukapanda tena mpaka ukagonga mwisho, na tuliingia Dumila tukifuka kama jungu la harusi.

Wauzaji wa pale wamezoea mabasi yanayosimama, wanakimbilia dirishani na nyanya, vitunguu, mahindi ya kuchemsha. Walitukimbilia sisi vilevile, kisha wakaona moshi. Mama mmoja akadhani tunaungua, akachukua ndoo ya maji aliyokuwa anaoshea nyanya akaimwaga yote juu ya boneti, na nyanya zake ndani. Nilitumia muda mrefu kumweleza kwamba ule ni mvuke tu. Akasema sawa, lakini nyanya zilizoingia kwenye gari ni zangu sasa. Tulizilipia, tukazila kwa chumvi.

Dereva mmoja wa lori la mahindi, jina lake Sudi, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alikuja kutazama. Madereva wa malori hawawezi kupita boneti iliyo wazi. Alishika bomba hili, akanusa lile, akauliza, "Feni inafanya kazi?"

"Inafanya. Nimeifunga mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia."

"Ah, basi mwalimu, hapo siwezi kuuliza tena," akasema, na akahamia kwenye themostati. Kwa maoni yake themostati ni kifaa cha nchi za baridi, hapa kwetu kinaziba maji tu. Akaitoa, akaniwekea mkononi kama jino lililong'olewa. Nilimshukuru sana. Haikusaidia chochote.

Dumila mpaka Morogoro mjini

Tulikwenda kwa kunyata. Taa ya chaji sasa ilikuwa haipepesi tena, imewaka moja kwa moja. Minja alianza kuisoma kwa sauti kila baada ya muda: "Bado nyekundu." Nilimwomba aache, akanyamaza kama dakika tano, kisha akasema, "Sijasema kitu, lakini bado nyekundu." Tulifika Msamvu jua linazama, gari likiwa na umeme wa kuwashia tochi tu.

Pale Msamvu kuna mzee anaitwa Kondo, anachaji betri kwenye kibanda cha mabati. Betri zimejipanga sakafuni kwa safu kama wanafunzi mstarini. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akapima dainamo, akakaza mkanda, akasugua vichwa vya betri kwa msasa. Kisha akanifanyia hesabu bila kalamu.

"Dainamo yako nzima, mwalimu. Hii mashine ya zamani inakupa umeme kidogo, na gari likienda polepole inakupa kidogo zaidi. Ilitosha ulivyokuwa na taa na honi tu. Sasa umeleta feni. Hiyo feni ni kama shemeji aliyekuja kukaa kwako na hafanyi kazi. Mshahara ni uleule, sahani zimeongezeka."

"Nifanyeje?"

"Tambarare mzime. Mlimani ndiyo umwashe. Na betri niachie, kesho asubuhi utaikuta imejaa."

Tulikula chipsi mayai tukalala. Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta Mzee Kondo ameshika betri anairudisha kwenye gari, na upande wa chanya anaupeleka kwenye nyaya kama anavyofanya kwa magari yote. Nikamdaka mkono. Nikamwambia asubiri. Nikaokota kipande cha mkaa, nikachora kwenye bati la kibanda chake, na watu waliokuja kuchukua betri zao wakasogea kusikiliza. Niliwaeleza kwamba magari ya Kijapani hufunga hasi kwenye bodi, lakini hili la zamani la Kiingereza ni kinyume, chanya ndiyo inayokaa kwenye bodi, na atakayesahau hilo ataharibu vitu. Nilieleza vizuri. Minja, ambaye hasifu mtu ovyo, alisema hata yeye alielewa.

Mzee Kondo alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akafunga betri nilivyosema. Kisha akauliza, "Na feni, mwalimu? Niitazame kidogo?"

"Feni usisumbuke, nimeifunga mwenyewe."

"Haya," akasema, akashusha boneti.

Ndugu zangu, someni tena maneno yangu ya mkaa, na yale ya nyaya za Alhamisi kule mwanzo, kisha endeleeni. Najua walimu wa sayansi mmekwishaweka mikono kichwani.

Kupanda Kiroka

Tuliondoka mjini saa mbili. Wageni wa Tanga walitazamiwa asubuhi hiyo, na mimi nilitakiwa kuwa nimekaa kabla ya swala ya adhuhuri. Mpaka Bigwa nilizima feni kama nilivyoagizwa, na Bibi akaenda baridi kama mtungi, taa ya chaji imezimika kabisa. Nilianza kuimba. Tulipoanza kupanda nikawasha feni, na kabla ya kona ya tatu maji yalikuwa yanatokota.

Tukawa na utaratibu. Tunapanda kidogo, linachemka, tunasimama, feni inaendelea kuvuma, linapoa, tunapanda tena. Nyuma yetu alikuwa anakuja mama mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Sisi tukisimama anatupita, sisi tukienda tunampita, na kila safari tunasalimiana upya. Mara ya nne alisema, "Wajomba, leteni hata mzigo mmoja niwasaidie." Minja akamuuliza bei ya ndizi, wakaelewana barabarani palepale, na kikapu kikajaa. Kwa hiyo gari likaongezewa uzito na mama akaongezewa kasi, hatukumwona tena.

Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa natazama saa. Niliona sura ya Asha anavyosema shikamoo mjomba huku anatazama pembeni, nikaona na Zaituni atakavyojifunza kunisalimia hivyohivyo. Tulipita kilele saa sita, tukiwa bado na nusu ya njia. Nilimwambia Minja kwamba nadhani nimekwishachelewa. Yeye, badala ya kusema neno la kunitia moyo, alisema, "Basi tusiue na gari." Nilikasirika, lakini alikuwa na haki.

Mkuyuni

Hapa ndipo Minja alipowaeleza vibaya, kwa hiyo someni taratibu.

Tuliingia Mkuyuni saa saba na nusu, mvuke unatoka kila tundu. Nikaliingiza gari kwenye uwanja wa nyumba ya kwanza kando ya barabara, nikaacha injini na feni zikiendelea ili lipoe. Uwanjani mama mmoja wa makamo, Bi Mwamvua, alikuwa anapepeta mpunga uliotwangwa. Alisimama na ungo wake mbele ya gari, anarusha, pumba zinapeperushwa na upepo wa mlimani, mchele unarudi ungoni. Wanawake wawili waliokuwa wanatwanga walimwona Minja na suti yake, wakaona na kikapu cha ndizi, wakahitimisha kwamba ni bwana harusi yuko njiani kwenda ukweni. Wakampa kigoda. Wakaanza kumfunda kwa zamu: asimwamshe mke kwa kelele, asiulize chumvi iko wapi wakati anaiona. Minja ana watoto wanne na ni mzee wa kanisa, lakini alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama. Nitashika, mama."

Bi Mwamvua aliacha kupepeta. Alikuwa na pumba kwenye nyusi.

"Baba," akaniambia, "zima huo upepo wako. Unanirudishia pumba usoni."

Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba haiwezekani. Feni ya gari huvuta hewa kutoka mbele, kupitia kwenye rejeta, kuipeleka nyuma kwenye injini. Kama ni kitu, ingezivuta pumba zake zije kwangu.

"Mimi magari siyajui," alisema. "Upepo naujua. Tangu umefika hapa, gari yako inapuliza mbele, inapuliza kama mtu anayepoza uji."

Akachukua pumba kiganjani, akasogea mpaka karibu na pua ya gari, akaziachia. Zikaruka kuelekea kwake, zikamjaa kwenye kanga. Akachukua nyingine, akaziachia tena, polepole, kama mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mzito.

Nikaliona akilini lile bati la Mzee Kondo, na mkaa, na maneno yangu mwenyewe kwa maandishi makubwa. Gari hili chanya iko kwenye bodi. Feni ya Kijapani mweusi ni hasi. Na mimi, Alhamisi, kwa mazoea ya mkono tu, nilikuwa nimeufunga mweusi kwenye bodi. Mota ya namna ile ukiipa umeme kinyumenyume haikatai kazi, inazunguka kinyumenyume. Tangu Dodoma feni yangu ilikuwa inasukuma upepo mbele, na gari likienda linaleta upepo nyuma, pepo mbili zinakutana kwenye rejeta na hakuna unaopita. Ndiyo maana lilipoa likisimama na kuchemka likienda. Wanafunzi wa kidato cha tatu huwa nawatoa nje kwa kosa la namna hii. Na kila aliyetaka kuitazama feni nilimfunga mdomo kwa neno mwalimu.

Nilizima injini, nikaomba kisu, nikazibadilisha zile nyaya, mwekundu bodini na mweusi kwenye swichi. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kumenya muhogo. Nikabonyeza. Nikatoa leso nikaisogeza mbele ya gari, ikarukia kwenye wavu wa pua na kung'ang'ania pale. Bi Mwamvua akatazama, akasema, "Sasa imevuta pumzi," akarudi kwenye ungo wake.

Minja alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani. Hilo ni kweli, sikatai. Nami nikacheka, kicheko cha kuumia, mpaka nilipogeuza ufunguo nikasikia ile sauti ya kumeza mate ya Gairo. Feni ilikuwa imekula betri tena tulipokuwa tunasimama kulipoza gari njia nzima. Safari hii tulisukumwa na wanawake watatu na bwana harusi wa bandia mwenye tai. Bi Mwamvua alikataa asante yangu. Alisema niondoke haraka, maana vumbi la gari nalo linaingia kwenye mchele.

Matombo

Kutoka pale mshale wa joto haukuvuka katikati hata mara moja. Niliwasha feni kwenye miinuko, nikaizima kwenye miteremko, na gari lilipanda kama lilivyokuwa likipanda miaka ile ya kwanza. Ilikuwa furaha iliyokuja imechelewa. Tulifika nyumbani kwa dada Mwanaidi saa kumi kasoro robo.

Wageni wa Tanga walikuwa wamekaa chini ya turubai, nyuso zimechoka, vikombe vya kahawa vitupu vimetapakaa mbele yao. Niliposhuka hakuna aliyetazama gari. Mdogo wangu Shabani alinikimbilia, na hakuwa na furaha ya kushika nafasi yangu, alikuwa anatoka jasho.

"Kaka, wazee wameniambia nijibu mimi," alisema. "Nimeingia mara mbili kumwambia Zaituni wageni wamechoka. Amefunga mlango. Anasema anamngoja mjomba wake."

Dada Mwanaidi alipita mbele yangu bila kunisalimia. Nilikwenda mpaka mlangoni, mikono imejaa grisi, nikaita. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mjomba," alisema Zaituni. "Umekula?"

Hapo ndipo nilipolia. Minja amewaambia nililia kwa sababu ya gari, si kweli. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa salamu ya Asha.

Desturi yetu inamtaka mjomba amuulize binti kabla ya kuwajibu wageni. Siku hizi wengi wanauliza kwa kutimiza tu. Binti anainama, mjomba anatoka nje anasema amekubali, pilau inapakuliwa. Nilikaa naye kitandani nikamuuliza kwanza kwa nini hakumtaka Shabani.

"Mjomba Shabani hakuniuliza," alisema. "Alikuja kuniambia wageni wamechoka. Wewe nilijua ukija utaniuliza."

"Basi nakuuliza. Unamtaka huyu kijana?"

Akakunja ncha ya kanga. "Namtaka. Lakini nimebakiza mwaka mmoja chuoni, na wao wanataka ndoa mwezi ujao. Mama nimemwambia, anaogopa watanuna. Mimi siwezi kutoka nje nikawaambia. Wewe unaweza."

Nilitoka nikakaa mahali pa mjomba, nikayasema yale maneno mbele ya watu wote bila kuyalainisha: binti anamtaka kijana, na binti atamaliza chuo kwanza. Dada yangu alifunika uso kwa mtandio. Mzee wa upande wa kijana, mtu mrefu mwenye koti la zamani, alitazama kikombe chake, akamtazama na kijana wao aliyekaa kando yake, kijana akatikisa kichwa kuashiria ndiyo.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi kumngoja mjomba, na hatukufa," mzee akasema. "Mwaka mmoja wa kumngoja bibi harusi asome nao tutaumaliza. Leteni chakula."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, na Minja akadhaniwa kwa mara ya pili siku hiyo kuwa yeye ndiye bwana harusi. Dada Mwanaidi alinipakulia sahani yangu mwenyewe, lakini alikuwa bado hajanimaliza.

"Kaka, ulichelewa wapi kiasi hiki?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo kuanza habari ya chanya na hasi. Zaituni, aliyekuwa ameinama ananimwagia maji ya kunawa mikono, alinitangulia.

"Hakuchelewa, mama," alisema.